Siku Niliyoingia Chumbani mwa Baba Mkwe

Siku tuliyomzika baba mkwe wangu, mwanamke mmoja aliyeketi nyuma yangu chini ya hema alimnong'oneza mwenzake kwamba yule aliye mbele yao ndiye aliyeingia. Hakusema niliingia wapi. Huku kwetu Manga hakuna haja ya kumalizia. Nimekuwa mke wa boma hili tangu nikiwa msichana, nimelea watoto hapa, nimechuma chai hapa mpaka vidole vikapinda, wajukuu wananiita nyanya, na bado jina langu la pili ni hilo la aliyeingia. Niligeuka na sahani yangu ya wali mkononi nikamwambia kwamba ndiyo, ni mimi, na kama ingekuwa leo ningeingia tena, na hodi nisingebisha. Yule mama akatafuta kitu cha kutazama kwenye sahani yake. Mume wangu, Makori, akanifinya mkono kama anavyofanya kila ninapofungua mdomo mbele ya watu, nami nikamwacha afinye. Nilikuwa nimempoteza mzee niliyempenda na sikuwa na nafasi ya kuona aibu. Basi nitausimulia mwaka ule mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla watu wa hema hawajaumaliza kwa niaba yangu.

Nilikuwa bibi arusi mpya. Nilitoka Keumbu, ambako watu huzaliwa kando ya barabara wakijua kuuza ndizi na kujibu maneno, nikaolewa huku juu ambako asubuhi ukungu huingia nyumbani kabla ya mgeni yeyote. Makori alifundisha shule kule Nyamache na alirudi kila Ijumaa. Siku nyingine nilikuwa peke yangu katika nyumba yetu ndogo ya udongo na mabati, karibu tu na nyumba kubwa ya wakwe. Ile nyumba kubwa ndiyo iliyokuwa fahari ya boma. Kaka mkubwa wa mume wangu, aliyefanya kazi Nairobi, ndiye aliyeijenga: kuta za matofali, sakafu ya saruji iliyong'arishwa kwa rangi nyekundu, dari, madirisha ya chuma na vioo, na stima juu yake, kwa sababu laini ya kwenda kiwanda cha chai ilipita karibu. Chumbani mwa wazee aliweka hita ya kuchomeka ukutani. Alipomaliza, aliagiza ile nyumba ya zamani ya kupikia ibomolewe, ile ya nyasi yenye mafiga matatu na moshi uliopenya paa lote, kwa sababu ilimharibia picha. Mama mkwe aliisimamia kazi hiyo akiimba. Alikuwa amekohoa moshi maisha yake yote, na mimi simlaumu kwa kuimba.

Asiyetujua lazima nimweleze jambo moja. Sisi Abagusii tuna chinsoni, yaani ile heshima yenye aibu ndani yake kati ya wazazi na wake wa wana wao. Mke wa mwana hamshiki mkono baba mkwe wake, hakai naye kiti kimoja, na chumba anacholala mzee huyo hapaswi hata kujua kina madirisha mangapi. Naye mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mimi na Tata, maana ndivyo tunavyomwita baba kwa Ekegusii, tulisalimiana yeye akiwa barazani na mimi kwenye nyasi, na tulipendana hivyo hivyo kwa mbali. Alikuwa mkulima wa chai na mzee wa kanisa la Sabato, mtu wa kifua kipana na kikohozi kizito. Ukikisikia ulijua yuko upande gani wa shamba. Alipenda ukorofi wangu wa Keumbu. Nikimjibu mchuuzi wa omena pale langoni, nilimwona mzee amegeuza uso kwenye majani ya chai, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Kisha, baridi ya mwezi wa saba ilipokuwa imeshatukalia, radi ikapiga transfoma. Watu wa stima walikuja wakaitazama, wakatikisa vichwa, wakasema italetwa nyingine, wakaenda. Wiki zikapita. Mvua ilinyesha kila alasiri, mara nyingine ya mawe, na nyumba ile ya saruji, ambayo hita yake sasa ilikuwa pambo la ukutani, ikawa baridi kiasi kwamba ulitoka nje kwenda kuota ukungu. Mama mkwe hakuwa mtu wa kukaa na kulalamika. Alichukua jiko kubwa la makaa akaliingiza ndani. Juu ya kila dirisha palikuwa na matundu ya hewa, yale ambayo fundi huyaacha ukutani. Akapanda kiti akayaziba yote kwa matambara, soksi na kipande cha gunia, akashuka akipangusa mikono. Makaa yakishakuwa mekundu hayana ubaya, alituambia, kwa sababu ubaya uko kwenye moshi. Na kwa usalama zaidi aliweka beseni la maji kando ya jiko, ili maji yameze sumu. Mama huyu alikuwa ameota moto kila siku ya maisha yake bila kudhurika, lakini ulikuwa moto wa nyumba ya nyasi, nyumba iliyopumua kila mahali. Hii mpya haikuwa na hata ufa.

Tena palikuwa na suala la Sabato. Katika nyumba ya mama mkwe, kuwasha moto siku ya Sabato kulikuwa mwiko. Ijumaa kabla jua halijatua alikuwa amepika kila kitu: ndizi za kuchemsha, maharagwe, mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa mpaka uchungu wake ukalainika. Lakini moto uliowashwa Ijumaa, kwa maoni yake, haukuwashwa Sabato. Ulikuwa unaendelea tu, na kuuongezea makaa si kazi kuliko kumwongezea mgeni chai. Kwa hiyo jiko liliwashwa uani Ijumaa alasiri, likaingizwa ndani likiwa jekundu, likafunikwa jivu ili lisiishe haraka, likaendelea kulishwa makaa mpaka jua la Jumamosi lilipotua. Tukawa tunafungua Sabato sebuleni jioni hiyo ya Ijumaa, wao wamebanana kwenye makochi yenye vitambaa, mimi kigodani karibu na mlango, taa ya mafuta mezani, Tata akisoma Zaburi, na kabla ya wimbo wa pili watu wamekwisha kupiga miayo. Wifi yangu Moraa alishika kichwa akisema kinapasuka. Ijumaa moja alitoka mbio akatapika kwenye maua. Lawama wakayapa maharagwe.

Mimi nilijua si maharagwe. Nikiwa shule ya msingi kule Keumbu, mume na mke waliokuwa wakichoma mahindi kando ya barabara waliingiza jiko lao chumbani siku ya mvua, wakafunga mlango, na mlango huo ukaja kuvunjwa na majirani. Niliwaona. Walikuwa kama watu waliolala vizuri, na hilo ndilo lililonitisha. Nikamwambia mama mkwe, kwa adabu yote niliyokuwa nayo, ambayo nakiri haikuwa nyingi, kwamba atoe jiko nje au afungue yale matundu. Akaniambia nikajenge yangu nifungue nitakavyo. Siku chache baadaye, nikiwa ndani ya migomba natafuta majani ya kufunikia ndizi, nilimsikia akipita njiani na rafiki yake wa kanisani. Alikuwa akisema kwamba mwanawe amemletea Mkatoliki wa barabarani anayetaka kuwafundisha watu wa Manga kuota moto. Rafiki akasema hawa wa Keumbu baridi hawaijui, wamezoea kupashwa na moshi wa magari. Nilitoka kwenye migomba na mzigo wangu wa majani nikawasalimia wote wawili kwa sauti, nikawauliza habari za nyumbani, nikawatakia safari njema. Rafiki alijikwaa. Mama mkwe hata kope hakupepesa, na kwa hilo nilimheshimu.

Ikaja Sabato ambayo Tata aliamka na homa na kifua. Makori, Moraa na wengine wote walijiandaa kwenda kanisani. Mimi nilibaki kama kawaida yangu, maana zamu yangu ya kanisa ilikuwa Jumapili. Mama mkwe alisukuma jiko mpaka ndani ya chumba cha kulala, akalijaza makaa, akaweka beseni lake, akafunga dirisha na mlango ili mgonjwa asipigwe na upepo. Akipita kwangu na Biblia kwapani alinieleza kwamba Tata amelala, na nikisikia anaita nimtume mtoto wa jirani aingie. Nilimjibu kwamba majirani wote na watoto wao wanakwenda kanisani. Akasema basi Mungu atamwangalia. Nilitaka kujibu hata hilo, lakini Makori alikuwa ananitazama.

Nikachukua ungo wa maharagwe nikaenda kuyaambua kwenye baraza la nyumba kubwa, ili niwe karibu. Kwa muda mrefu kila kitu kilikuwa sawa, yaani mzee alikohoa. Kikohozi kile kilikuwa kwangu kama mtu wa kuzungumza naye. Wingu likashuka, mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, na ilipopungua nikagundua kwamba sijasikia kikohozi. Nilifurahi kwanza, nikadhani amepata usingizi. Halafu nikakumbuka wale wa Keumbu waliolala vizuri. Niliita, "Tata." Nikaita tena. Nikapiga kioo cha dirisha kwa kiganja mpaka pazia likatikisika, na ndani hakuna kitu kilichojibu. Niliingia sebuleni, nikapita kwenye korido ambayo sikuwahi kuifikia, nikasimama mbele ya mlango wa chumba chao. Watu hudhani sikuiwaza chinsoni. Niliiwaza pale mlangoni, nikaiwaza vizuri, nikaona kwamba maiti haina mkwe. Nikausukuma mlango.

Palikuwa na joto tamu. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na harufu, beseni la maji lilitulia kando ya jiko. Tata alikuwa chali, kinywa wazi, mate yakimtoka pembeni, na nilipomtikisa kichwa kilikwenda kilikopelekwa. Dirisha nililiacha, maana nilijua nikianza kupigana na komeo lake nitaanguka mimi pia. Nilimvuta na blanketi lake mpaka akashuka sakafuni, kwa kishindo ambacho bado nakisikia, nikashika ncha mbili za blanketi nikarudi kinyumenyume. Hapo ndipo nilipoishukuru sakafu ya shemeji yangu wa Nairobi, kwa sababu iliteleza. Nilimburuta koridoni, nikamburuta sebuleni chini ya picha zote za harusi, nikamtoa barazani ambako mawe ya mvua yalikuwa yametapakaa, nikamlaza ubavu, kichwa chake kwenye mapaja yangu. Nikamfinya, nikamwita kwa jina lake la utotoni, ambalo pia si ruhusa. Kisha kifua kile kikapanda, akatapika, akakohoa. Nililia kwa sauti nikampiga bega kana kwamba ameniudhi. Alipofungua macho, nilikimbia ndani nikiwa nimebana pumzi, nikalitoa jiko kwa kulisukuma na fimbo yake, nikaliviringisha mpaka uani likalala kwenye mvua.

Hivyo ndivyo walivyotukuta walipotoka kanisani: mzee wa kanisa amevaa fulana na kaptura ya kulalia, kichwa chake mapajani mwa mke wa mwanawe, mchana, barazani. Makori na wanaume wenzake walitupa Biblia wakakimbilia kutafuta gari. Mama mkwe alifungua kitambaa chake kizuri cha kichwani, na badala ya kumfunika mumewe kifua kilichokuwa kikitetemeka, alimfunika miguu.

"Umeingia chumbani kwangu," akaniambia.

"Nimeingia, Mama. Na jiko lako liko uani, mvua inalizima."

Hospitalini walimweka kwenye hewa ya mtungi, na daktari akawaambia wanawe wazi kwamba ni makaa, kwamba sumu yake haionekani wala hainuki, kwamba maji hayaimezi, na kwamba angechelewa kidogo wangemchukulia mochari. Ungedhani jambo limeisha. Tata aliporudi, wajomba na wazee wa ukoo walikuja kukaa sebuleni, kwa sababu chinsoni ilikuwa imevunjwa na lazima mbuzi achinjwe, mimi niombe msamaha, na pengine nirudi Keumbu kwanza mpaka watu wasahau. Hao ni watu ambao Jumamosi waliimba kwamba mila za kale wameziacha. Jumatatu wakazikumbuka zote. Nilikuwa nimesimama nje ya dirisha, mahali pangu, nikisikia kila neno. Ndoa yangu ndiyo iliyokuwa mezani, na Makori wangu, Mungu amsamehe, alikuwa akitazama viatu vyake. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitarudi Keumbu kwa miguu yangu mwenyewe kabla sijaomba msamaha kwa ajili ya pumzi ya mtu. Kisha kile kikohozi kikasikika.

"Niambieni," Tata akasema polepole. "Mlitaka nife na heshima yangu?"

Akaendelea kwamba kama kuna mbuzi wa kuchinjwa basi achinjwe na aliwe, na paja apelekewe Kerubo, yaani mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyefanya kazi. Akasimama, akachukua fimbo yake, na mbele ya wazee wale akaanza kuchokora matambara kwenye matundu ya hewa, moja baada ya jingine, soksi na vipande vya gunia vikiwaangukia wageni mapajani. Baridi ikaingia sebuleni. Mjomba mmoja akafunga vifungo vya koti.

Stima hazikurudi mpaka baridi ilipokwisha, kwa hiyo ilibidi tujifunze kuishi. Nilipendekeza, na Tata akaamuru, kwamba nyumba ya kupikia ijengwe upya, katikati ya nyumba yao na yetu, kuta zikiishia kifuani na paa likiwa juu yake peke yake ili upepo upite. Haikuwa nyumba ya mzee wala nyumba ya mwana, hivyo sote tuliweza kuingia. Alikaa upande mmoja, mimi upande wa pili, moto katikati, na chinsoni ikapata mahali pa kukaa. Pale tulikula obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga ya rinagu, tukanywa uji wa moto, tukasikia radio ya betri, na watu walipopata joto mwilini ndipo walipokwenda kulala. Moto ulibaki huko huko. Kitandani tuliingia na soksi na sweta, na kila mmoja na kibuyu cha plastiki cha mafuta ya kupikia kilichojazwa maji ya moto na kuvikwa sweta kuukuu. Moraa alihamia chumba kimoja na binamu zake wakapashana joto na uvumi. Kichwa hakikumuuma tena mtu, wala maharagwe hayakulaumiwa.

Mama mkwe alikaa ndani peke yake jioni za mwanzo, amejifunga shuka, akikataa. Halafu baridi ikamshinda akaja, akaketi kigoda cha mbali kabisa, akaanza kukosoa namna nilivyopanga kuni. Hakuniomba radhi, wala hakunishukuru. Tumepika pamoja tangu wakati huo, amepokea watoto wangu kwa mikono yake, ameniuguza na nimemuuguza, na neno moja kuhusu siku ile hajawahi kulisema. Kwa miaka mingi lilinikera. Nilikuwa namngoja aseme kama mtu anavyongoja transfoma. Tata hakungoja. Kila mwezi wa saba ulipoingia alizunguka nyumba kabla ya sala, akiingiza ncha ya fimbo katika kila tundu kuhakikisha liko wazi, na akipita karibu na nyumba yangu alikohoa zaidi ya ilivyohitajika.

Sasa nirudi siku ya mazishi. Shemeji yangu wa Nairobi alikuwa ametuma mafundi waipendezeshe nyumba kabla ya wageni kufika. Walipaka rangi, wakaweka dari mpya, na matundu yote ya hewa wakayapiga plasta, kwa sababu siku hizi hayavutii. Mimi nilikuwa na mambo ya jeneza na vyakula, sikuyatazama. Alasiri, watu wakiwa bado wanakula chini ya hema, mvua ikashuka na stima zikapotea. Niliingia ndani kumwangalia mama mkwe. Alikuwa ameketi kitandani katika chumba kile kile, mdogo kama mtoto ndani ya nguo nyeusi, na kando yake mjukuu wangu wa kike alikuwa ameweka jiko la makaa mekundu. Mlango ulikuwa umefungwa, dirisha limefungwa.

"Shosh alikuwa anaskia baridi, nyanya," mtoto akaniambia. "Na halina moshi."

Nilimshukuru kwa kumpenda nyanya yake mkubwa, nikambebesha upande mmoja wa jiko, mimi nikabeba wa pili, tukalitoa mpaka nyumba ya kupikia. Nilimwagiza achemshe maji ya kibuyu. Nilirudi na nyundo ya mafundi, nikapanda kiti, magoti yakinilaumu, nikaipiga ile plasta mpya juu ya dirisha. Rangi ilipasuka, vumbi likaniingia machoni, hewa ya mvua ikaingia. Shemeji yangu alifika mlangoni na suti yake akauliza, kwa Kiswahili cha ofisini, nani ameniruhusu kuingia na kubomoa chumba cha wazazi wake siku kama hii. Waliokuwa nyuma yake koridoni, yule mama wa hema akiwa mmojawapo, walinyoosha shingo. Nilikuwa na jibu, nimekuwa nalo tangu ujana. Lakini nyuma yangu kitanda kililia, na mama mkwe akawahi.

"Kerubo," akasema, "na lile tundu la upande wa mzee pia."

Nikashuka, nikasogeza kiti.